Simba wa Baba Alivyokwenda Tanga Kusomwa

Wanakwaya wenzangu, mmenichosha. Kila nikitunga uzi kwenye sindano ya cherehani anapita mmoja wenu na kuniuliza, "Mama Neema, simba amesemaje huko Tanga?" Nikijibu kwamba hakusema neno, mnacheka mkidhani natania. Sasa nimekaa kuandika. Msomeane, na mkimaliza mniache nishone. Pana mahali nami nilicheka njiani, na sasa najuta kwamba nilicheka.

Wengi wenu mnajua chanzo chake, ila waliohamia kwetu juzi hawajui, kwa hiyo nianzie hapo. Baba yangu, Mzee Zakaria, ana sarafu ya fedha yenye tundu, imetungwa kwenye ugwe wa ngozi. Upande mmoja una sura ya mtu mwenye kofia, na juu ya kofia ametua ndege. Upande wa pili simba amesimama mbele ya mti. Kwetu Usambara simba si mnyama wa porini tu. Mfalme wetu wa zamani aliitwa Simba, yaani Simba Mwene, na chini yake walikuwapo mazumbe waliotawala vijiji mpaka Serikali ilipowaondoa baada ya Uhuru. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba sarafu hii ni ya mfalme, kwamba alimpa babu kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na kile kipande cha ardhi chenye mishai, ile miti mirefu ya kivuli, na masale ya kuonyesha makaburi. Humo amezikwa babu, amezikwa bibi, amezikwa mama yangu na wadogo zangu wawili. Kila msiba wa ukoo unapotokea, sarafu husuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ing'ae, huwekwa kifuani pa marehemu, kisha huondolewa kabla jeneza halijafungwa.

Mwaka huu kijiji kilipimiwa shamba la ujamaa, na mishai yetu ikaangukia katikati kabisa. Kamati ikaagizwa miti ikatwe na makaburi yalimwe pamoja na shamba. Mwenyekiti Elia alikuja nyumbani, akamwamkia baba shikamoo mara mbili kwa aibu aliyokuwa nayo.

"Mgosi, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini kamati inauliza, hiyo zawadi ya mfalme nani anaijua?"

"Mimi nimeishika mkononi," baba akajibu.

"Basi apatikane mtu wa kuisoma. Ikithibitika ni ya Simba Mwene, nani huku juu atashika shoka? Mimi sishiki. Katibu tarafa anakuja kukata shauri. Mpate jibu kabla hajafika."

Baba haoni tena sawasawa, macho yameingia utando. Simba wake humtazama kwa kidole gumba. Kaka zangu wako mbali na hawana habari na makaburi. Nilianza kwa yule sista wa Kijerumani anayepita kutibu watoto. Aliigeuza sarafu mara nyingi, akasema herufi zote zimesagika, na kwamba yeye anajua sindano za hospitali, sarafu hazijui. Ila alisikia kwamba Tanga yuko mwalimu mstaafu anayekusanya fedha za zamani, watu humpelekea azitambue na kuzikadiria thamani. Kwa hiyo nikafunga mzigo.

Bumbuli hadi Soni

Gari la Soni halikuja. Waliosema limeharibika walikuwa wengi, na waliosema halina mafuta walikuwa wengi vilevile, nami sikuona sababu ya kuchagua. Nilitembea. Baba alinisindikiza hadi kwenye kona ya mti wa peasi, fimbo mkononi, akanivika ule ugwe shingoni mwenyewe.

"Ukifika usiseme wewe," aliniambia. "Mwache Simba ajiseme."

Niliitikia, "Ee, tate," nikaona midomo yake inatetemeka kwa furaha. Huyo ni mtu aliyezika mke na watoto bila kutetemeka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mpaka siku hiyo nilidhani safari ni ya miti na makaburi tu.

Njiani nilifuatana na mama mmoja aliyekuwa akipeleka kabichi. Alipojua nina nini kifuani alinipisha nitangulie, akagoma kabisa kutembea mbele yangu. Mtu mzima, ana mzigo wa kabichi kichwani, ananipisha mimi fundi wa kushona sare za shule! Nikaona haya, lakini nisidanganye, shingo nayo ilinyooka kidogo.

Mombo

Kutoka Soni nilipata lori la mbao, likanishusha Mombo kwenye joto. Mtu wa milimani akifika Mombo hujua kwa nini babu zake walipanda juu. Basi la Tanga lilikuwa linangojewa tangu asubuhi. Nikaingia mgahawani nikaagiza wali na maharage.

Meza ya pili aliketi mwanamume mwenye koti la kaki, anachokoa meno kwa njiti. Nilipoinama kula, sarafu ikachomoza kwenye gauni. Njiti ikamdondoka.

"Dada, hiyo si rupia hiyo? Rupia ya Mjerumani?"

"Hii ni ya mfalme," nikamwambia.

"Mfalme gani! Hiyo ni rupia. Na rupia ya kweli huvuta mchele, na inayovuta hununuliwa kwa mali nyingi. Mpishi! Lete mchele mkavu!"

Kabla sijameza tonge, mchele ulikwisha mwagwa mezani na watu wametuzunguka. Yule bwana alinisihi niishushe sarafu karibu na punje, polepole, bila kupumua. Niliishusha. Punje zikatulia zilivyokuwa. Mzee mmoja akasema mchele wa Mombo ni mzito, ungefaa wa Korogwe. Mwingine akasema rupia haifanyi kazi mbele ya mwanamke aliyekwisha kula. Nikaikandamiza kwa hasira, na kwa kuwa shingo ilikuwa imelowa jasho, punje mbili zikanata.

"Imevuta!" Mgahawa mzima ukalipuka. Mpishi aliacha sufuria. Yule wa koti la kaki akaanza kuniita "mama mkubwa" na kuniomba tutafute mahali pa faragha tuzungumze. Nilicheka mpaka machozi. Basi likapiga honi, nikakimbia nikaacha wali wangu nusu.

Nilipokaa kwenye kiti kicheko kilikatika chenyewe. Rupia ya Mjerumani. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina hilo nyumbani kwetu. Nilijiambia kwamba mtu anayepima fedha kwa mchele hajui kitu, na kwamba hata kama Mjerumani ndiye aliyeichonga, huenda alimchongea mfalme kwa urafiki. Ndege kofiani je? Baba alituambia ni manyoya ya vita. Nilijibembeleza hivyo mashamba yote ya mkonge, mpaka Muheza, ambako basi lilipasuka gurudumu. Tukashuka, tukala machungwa kando ya barabara. Utingo alikuwa akiapa kwamba tairi la akiba lipo, ila liko kwenye basi lingine.

Tanga

Mwalimu Hamza anakaa Ngamiani, nyumba yenye baraza nyeupe. Nilipobisha hodi alikuwa amekwenda kuswali. Mkewe, Bi Zuhura, alinikaribisha kwa mkate wa ajemi na chai ya tangawizi.

"Watu wa milimani nyie mna haraka," alinitania. "Tanga kwetu twasema waja leo waondoka leo. Kula kwanza, hiyo fedha haitaota mabawa."

Mwalimu alirudi, mzee mwembamba, mpole, kanzu imenyooshwa vizuri. Nilimwamkia, nikavua ugwe, nikamwekea sarafu kiganjani. Sikusema neno, kama nilivyoagizwa.

Kwanza aliiinua masikioni akaigonga kwa ukucha, ikalia. "Fedha halisi," akasema, nami nikasogeza kiti. Kisha akaidondosha kwenye meza ya mbao asikilize tena. Akaupitisha ukingo wake kwenye kidole, akatafuta mikato midogo inayozunguka, akaikuta sehemu chache tu. Akaipima kwenye mizani ndogo ya sonara. Mwisho akavaa miwani yenye kioo kinene, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza mwanga uipige ubavuni. Nilimtazama usoni kama mtu anayemtazama daktari.

"Mlikuwa mkiisugua na nini?"

"Majivu na mchanga. Ni desturi yetu."

"Eeh, mama yangu." Alisikitika kweli. "Sarafu ya zamani haisuguliwi hata kwa kitambaa. Uchafu wake ndio umri wake. Na hili tundu ndilo limeimaliza. Mkusanyaji akiona tundu haulizi tena, kwake huwa imebaki fedha ya kuyeyusha tu, uzito wake basi."

"Sikuja kuiuza," nikasema. "Nataka kujua ya nani."

Akafungua mtoto wa meza. Akatoa kitambaa cheusi, akakikunjua. Wenzangu, kwenye kile kitambaa walilala simba kama wetu, sikumbuki wangapi, wote wamesimama mbele ya mti uleule, wote wananing'iniza mkia vilevile. Simba wa Mwalimu walikuwa na herufi zao, na mtu mwenye kofia alikuwa na masharubu yanayohesabika.

"Huyu ni Kaizari wa Ujerumani," Mwalimu alisema akimgusa. "Na simba na mtende ni alama ya kampuni ya Wajerumani iliyokuja hapa kabla ya serikali yao. Hii ni rupia moja. Iko ya rupia mbili, kubwa zaidi, adimu mno. Hiyo ndiyo naitafuta mpaka leo. Za rupia moja zipo bado, hasa huko kwenu."

"Kwa nini kwetu?"

"Kwa kuwa ndizo walizolipa. Wapagazi, vibarua wa mashamba ya kahawa, wakata miti."

Nikauliza, "Na mfalme? Hakuwagawia watu wake?"

Mwalimu akanitazama, akaona sasa kwamba alikuwa akizungumza na mgonjwa. Sauti yake ikashuka. "Mama, hao wenye simba huyu ndio waliokuja kumnyang'anya mfalme wenu nchi."

Nikamweleza yote, mishai, makaburi, kamati, baba. Alisikiliza huku akikunja kitambaa chake na kukikunjua. Bi Zuhura akaacha kazi akaja kukaa karibu yangu.

"Ningekuwa nimeambiwa haya kwanza," Mwalimu alisema, "ningefungua mdomo taratibu zaidi."

"Haidhuru, Mwalimu. Simba si huyo huyo?"

Alinirudishia sarafu kiganjani. Waliniwekea kitanda kizuri na kesho yake wakanifungia mkate wa njiani, lakini kwangu Tanga nzima ilikuwa imekufa. Nilipita mitaani nikiona kila mtu anajua alikotoka isipokuwa mimi.

Kurudi

Nilipata lori la chumvi. Dereva alikuwa mwimbaji, nami nilikuwa nakata tamaa kimyakimya kando yake kilomita kwa kilomita. Babu yangu alibeba mizigo. Haya, aibu iko wapi? Mimi mwenyewe nashona viraka, wala sioni haya. Lakini sikuwa nawaza habari za babu, nilikuwa nawaza kidole gumba cha baba. Nilijaribu kutunga maneno. Nianze na neno fedha halisi, kisha niseme ni ya zamani sana, kisha niseme mwalimu aliipenda. Kila nilipofika kwenye kampuni maneno yalinikimbia.

Juu ya Mombo mvua ilikuwa imeshusha udongo barabarani. Tulilala kwenye lori, tukiwa na wachuuzi wa vitunguu waliokuja kujikinga. Mmoja aliniuliza nalia nini, nikasema vitunguu. Asubuhi nilipanda kwa miguu mpaka Soni, na kutoka Soni nikaendelea tena kwa miguu, matope hadi kwenye mashavu ya miguu. Sijawahi kuiona milima yetu ikiwa mibaya vile. Nilimwomba Mungu katibu tarafa awe amekwisha kuja na kuondoka, mambo yawe yameisha bila mimi.

Nyumbani

Katibu tarafa alikuwa amefika asubuhi ile ile. Wengi wenu mlikuwapo, lakini mlikaa nyuma na hamkusikia yote.

Mkutano ulikuwa pale pale chini ya mishai. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ameketi mbele, uso umeelekea njia nitokayo. Elia aliponiona alisimama. Nataka mjue kwamba Elia alikuwa upande wetu, na kamati nzima ilikuwa upande wetu. Hakuna aliyetaka kulima kaburi. Walikuwa wanangoja neno moja la kuwaokoa.

"Mama Neema, pole na safari. Huyo mwalimu amesemaje? Ni Simba?"

"Ni simba," nikasema, "isipokuwa..."

Kwenye karatasi hii mnaona herufi ndogo na herufi kubwa. Masikioni hazipo. Walichosikia ni jina la mfalme, na vigelegele vikapanda mpaka ng'ambo ya bonde. Nyie sauti ya kwanza ndio mlioanza. Baba akainuka bila fimbo. Akasema kwa Kishambaa kwamba baba yake alikuwa mtu wa Simba Mwene, kwamba ardhi hii ilitoka mkononi kwa mfalme, kwamba sasa hata Tanga wanajua. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye koti. Mimi nilisimama na tope langu, mdomo wazi. Nani angemkatiza? Ninyi mngemkatiza?

Katibu tarafa alingoja kimya kirudi. Alikuwa kijana mstaarabu, hakupiga kelele.

"Nashukuru kwa ukweli," alisema. "Mimi nilipanda huku nikiwa na wazo la kuyaacha makaburi haya. Niliambiwa ni ya wakulima wa kawaida, na mkulima hamfukui mkulima mwenzake. Jembe lingezunguka. Lakini mzee mwenyewe amesema hapa ni zawadi ya mfalme. Mazumbe tumewaondoa, na ardhi yao ni ya kijiji kizima. Nikiwaachia ninyi, kila aliyekuwa mtu wa zumbe atakuja na sarafu yake. Miti ikatwe kesho."

Hapo ndipo niliposema, na ndipo mliponiona nikipunga mikono kama mwendawazimu. Nilisema ni simba wa kampuni ya Wajerumani. Nilisema babu alikuwa mpagazi, mtu wa ujira, mnyonge kuliko wote mliokaa hapa. Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema, "Kinyonga huyo." Katibu tarafa akatabasamu kwa huzuni.

"Mama, dakika hii ni mfalme, dakika hii ni mpagazi. Nimsadiki nani? Nalala hapa kwa Mwenyekiti. Mzee mwenyewe akija asubuhi aseme kwa kinywa chake kwamba baba yake alikuwa mpagazi, nitayaacha makaburi. Sihitaji kingine."

Nilimwongoza baba nyumbani. Nilimpikia makande, hakuyagusa. Nilimweleza yote taratibu, kitambaa cheusi, Kaizari, rupia, na hakunikatiza hata mara moja. Nikamwambia, tate, ni maneno machache tu. Kesho nitakushika mkono twende, uyaseme, turudi, mama abaki alipo.

"Niliiweka kifuani pa mama yako," akasema.

"Najua, tate."

"Na pa wale wadogo zako. Niliwaambia wote wanakwenda na alama ya mfalme. Sasa nisimame juu yao niwaambie walikwenda na ujira wa mizigo?"

"Wamekufa, tate. Hawasikii."

"Mimi nasikia," akasema. "Wakate."

Nilimbembeleza mpaka sauti ikanikauka. Nilimkasirikia, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake.

Asubuhi Elia alikuja mwenyewe kumchukua. Baba akageuza uso ukutani. Elia akavaa kofia yake akaenda zake.

Tulikuwa tumeketi jikoni shoka la kwanza liliposikika. Baba akainua kichwa, akaniuliza wameanza na mti gani. Nilichungulia mlangoni. Nikamwambia ni ule mshai mkubwa, wa kaburini kwa babu.

"Mti wa mtu wa mfalme," akasema, akaniomba chai.